Sanamu Iliyofukiwa Mchangani



Leo tunasafiri mbali, bila nauli. Tunakwenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Katika mji huo palikuwa na uwanja mkubwa, na katika uwanja huo ilisimama sanamu ya mawe ya mtu aitwaye Lenin. Sanamu hiyo ilisimamishwa kwa shangwe. Ikabomolewa kwa ugomvi. Ikafukiwa msituni. Kisha, baada ya miaka zaidi ya ishirini, kichwa chake kikafukuliwa tena!

Huenda mtu akauliza: "Sanamu ya Ulaya inatuhusu nini sisi watu wa shamba?" Swali zuri. Jibu letu ni hili. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua kwamba kila maandishi yana mwenyewe. Barua ina aliyeiandika na aliyeandikiwa. Hati ya deni ina anayedai na anayedaiwa. Sanamu nayo ni kama maandishi. Kuna watu walioiandika, na kuna watu waliotakiwa kuisoma. Anayepita chini ya sanamu bila kujiuliza maana yake ni sawa na mtu anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyoisoma. Na wengi wetu tunajua hasara ya dole gumba.

Basi hebu tuisome sanamu hii pamoja, polepole.

LENIN ALIKUWA NANI?

Lenin alizaliwa Urusi mwaka 1870. Wakati huo Urusi ilitawaliwa na mfalme. Wakulima wengi walikuwa maskini, na ardhi nyingi nzuri ilikuwa mikononi mwa mabwana. Mwaka 1917 mfalme aliondolewa. Mwishoni mwa mwaka huo huo Lenin na chama chake wakashika serikali. Baadaye, mwaka 1922, nchi hiyo na majirani zake waliungana wakaitwa Umoja wa Kisovieti. Wengi wetu tulizoea kuiita Urusi tu. Lenin alifariki Januari 1924.

Je, alikuwa mtu mwema au mbaya? Tusijibu haraka. Tutazame mambo mawili yanayotugusa sisi wasomaji.

Jambo la kwanza. Desemba 1919 serikali ya Lenin ilitoa amri kwamba kila mtu asiyejua kusoma, kuanzia umri wa miaka 8 hadi 50, lazima ajifunze. Madarasa yakafunguliwa vijijini na viwandani. Mamilioni ya watu wazima, wanaume kwa wanawake, wakashika kalamu kwa mara ya kwanza. Sisi tunajua furaha yake. Mtu kuandika jina lake mwenyewe si jambo dogo.

Jambo la pili. Serikali hiyo hiyo, mara tu ilipoanza mwaka 1917, ilitoa amri ya kufunga magazeti yaliyoipinga. Mwezi uliofuata ikaunda polisi wa siri. Vyama vingine vikazimwa. Askari wakatumwa vijijini kuchukua nafaka za wakulima kwa nguvu. Vita, ukame na uchukuaji huo wa nafaka vikaleta njaa kubwa mwaka 1921 na 1922, na mamilioni ya watu wakafa.

Mnaona basi. Watu walifundishwa kusoma, lakini cha kusoma wakachaguliwa. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli. Anayetaja moja na kulificha la pili anatoa nusu ya hesabu.

SANAMU INASIMAMISHWA

Sasa turudi Berlin. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani ilishindwa ikagawanywa. Mwaka 1949 zikatokea nchi mbili. Ujerumani ya Magharibi ilifuatana na Marekani na wenzake. Ujerumani ya Mashariki ilifuatana na Umoja wa Kisovieti. Wazee wa Unguja wanaikumbuka Ujerumani ya Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilileta msaada Zanzibar, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni ni sehemu ya msaada huo.

Mji wa Berlin nao uligawanywa. Watu wengi wakawa wanaukimbia upande wa mashariki. Basi mwaka 1961 serikali ya mashariki ikajenga ukuta katikati ya mji kuwazuia. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye ukuta huo.

Upande wa mashariki palikuwa na Uwanja wa Lenin. Mwaka 1968 jiwe la msingi la sanamu likawekwa hapo. Tarehe 19 Aprili 1970 sanamu ikafunuliwa, siku tatu kabla ya kutimia miaka 100 tangu Lenin azaliwe. Watu wapatao 200,000 walikusanyika. Wengine walikuja kwa mapenzi yao. Wengine walikuja kwa sababu katika nchi ile ilikuwa kawaida kupangwa kutoka kazini na shuleni kwenda kwenye sherehe kama hizo.

Kimo cha sanamu kilikuwa mita 19. Fikiria mnazi mrefu uliokomaa. Ilitengenezwa kwa itale nyekundu, jiwe gumu sana, lililotoka Ukraine. Wakati huo Ukraine ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Fundi aliyeichora na kuisimamia alikuwa Nikolai Tomsky, msanii mkubwa wa Urusi. Nyuma ya Lenin palichongwa bendera kubwa, na nyuma ya uwanja yakajengwa majumba marefu ya ghorofa ya kuishi watu.

Sasa tuisome. Aliyeiandika barua hii ni nani? Ni serikali na chama chake. Imeandikiwa nani? Imeandikiwa mkazi wa Berlin ya Mashariki, anayefungua dirisha asubuhi na kumkuta Lenin amesimama pale. Inasema nini? Inasema: huyu ni mkubwa, wewe ni mdogo, urafiki wetu na Umoja wa Kisovieti ni wa milele, mgumu kama jiwe hili. Na haisemi nini? Haikutaja magazeti yaliyofungwa. Haikutaja ukuta. Na kuna jambo jingine: mkazi yule hakuulizwa kama anaitaka barua hiyo mlangoni pake.

SANAMU INABOMOLEWA

Kumbe "milele" ilikuwa miaka 21 tu. Novemba 1989 ukuta ulifunguliwa. Tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani mbili zikawa moja. Umoja wa Kisovieti wenyewe ulikwisha Desemba 1991.

Wakubwa wapya wa jiji wakasema sanamu iondoke. Walisema haifai mtu aliyeanzisha utawala wa kidikteta kuendelea kuheshimiwa katikati ya mji huru. Sanamu ilikuwa kwenye orodha ya vitu vya kumbukumbu vinavyolindwa na sheria. Ikatolewa kwenye orodha hiyo.

Hapo ugomvi ukaanza. Baadhi ya wakazi wa uwanja ule walipinga. Wakafanya maandamano. Tusidhani kwamba wote walimpenda Lenin. Wapo waliompenda kweli. Lakini wengine walisema hivi: huu ni mtaa wetu, na miaka hiyo tuliishi sisi. Tumezaa watoto hapa, tumezika wazazi hapa. Sasa viwanda vyetu vinafungwa, tunakosa kazi, na wakubwa wanaanza kufuta hata alama za maisha yetu bila kukaa nasi chini.

Wengine nao walikuwa na uchungu wa namna nyingine. Walikuwa wamefungwa, au kufuatwa-fuatwa na polisi wa siri, au kupoteza ndugu kwenye ukuta. Kwao kila siku ya sanamu ile ilikuwa kama kumsalimia aliyewatesa.

Novemba 1991 kazi ikaanza. Haikuwa kazi rahisi. Jiwe la itale halivunjwi kwa nyundo ya kawaida. Mafundi walitoboa, wakatenganisha, wakashusha kwa winchi kubwa kipande baada ya kipande. Kazi ikaendelea hadi mwanzoni mwa 1992. Vilipatikana vipande vipatavyo 130. Vikapakiwa kwenye malori, vikapelekwa msituni pembeni mwa jiji, vikafukiwa mchangani.

Uwanja ukapewa jina jipya: Uwanja wa Umoja wa Mataifa. Mahali pa sanamu pakawekwa mawe makubwa kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na maji yakapitishwa hapo. Wakubwa wakadhani maneno yamekwisha.

KICHWA KINAFUKULIWA

Hayakwisha. Miaka ikapita. Watoto waliozaliwa baada ya ukuta wakakua, wakawa wanauliza wazazi wao: "Hapa palikuwa na nini? Kiko wapi?"

Katika jiji hilo hilo kuna ngome ya zamani mahali paitwapo Spandau. Watu wa makumbusho wakapanga kukusanya hapo sanamu zilizowahi kusimama Berlin na kuondolewa: za wafalme, za majenerali, za wakati wa Wanazi, na za wakati wa Ujerumani ya Mashariki. Wakaomba kichwa cha Lenin.

Kukipata kukawa na vikwazo. Wakubwa walisita, wakasema mahali hasa kilipofukiwa hapajulikani vizuri, tena gharama ni kubwa. Halafu ikaonekana kwamba juu ya mchanga ule wanaishi mijusi wanaolindwa na sheria. Ikabidi mijusi wahamishwe kwanza! Mwishowe, Septemba 2015, kichwa kikatolewa.

Uzito wake ni tani tatu na nusu. Hebu tupige hesabu. Tani moja ni kilo 1,000. Tani tatu na nusu ni kilo 3,500. Gunia moja la mahindi likiwa na kilo 100, kichwa hicho peke yake ni sawa na magunia 35.

Mwaka 2016 maonyesho yakafunguliwa. Kichwa hakikusimamishwa juu ya nguzo. Kimelazwa ubavu, chini kabisa, na mtu anaweza kukigusa kwa mkono. Maelezo yapo ya kusoma. Yule aliyekuwa juu kama mnazi, sasa mtoto mdogo anamtazama usoni. Hatukuzwi tena, wala hafichwi. Anasomwa.

MIJI MINGINE ILIFANYAJE?

Berlin si mji pekee. Tuone miwili zaidi.

Budapest, mji mkuu wa Hungaria, uliwekewa sanamu ya Stalin mwaka 1951. Stalin ndiye aliyeshika utawala baada ya Lenin. Sanamu hiyo ya shaba ilikuwa na kimo cha mita 8, nayo ilipandishwa juu ya jukwaa refu. Ili kupata nafasi ya jukwaa, kanisa lilibomolewa. Tarehe 23 Oktoba 1956 wananchi waliochoka walikwenda na kamba na moto wa kukatia chuma, wakaiangusha. Kwenye jukwaa zikabaki buti tu. Majuma machache baadaye jeshi la Kisovieti lilizima uasi huo kwa damu. Lakini watu hawakuzisahau buti. Utawala ule ulipokwisha, jiji halikuzifukia sanamu zilizosalia. Lilizikusanya, zipatazo 40, kwenye bustani nje ya mji. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1993.

Mji wa pili ni jirani yetu, Addis Ababa. Huko nako ilikuwapo sanamu ya Lenin, kwa kuwa serikali ya Mengistu ilikuwa rafiki wa Umoja wa Kisovieti. Mei 1991 Mengistu alikimbia nchi. Siku chache tu baadaye sanamu nayo ikaangushwa chini.

NA KWETU JE?

Tusicheke watu wa mbali. Dar es Salaam nayo ina habari zake.

Wakati wa ukoloni wa Wajerumani, mji huo ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyeongoza jeshi la Wajerumani dhidi ya watu wa pwani waliopigana na ukoloni pamoja na Abushiri, mwaka 1889. Waingereza walipouteka mji katika Vita Kuu ya Kwanza, waliiondoa. Ikapelekwa Ulaya, ikasimamishwa Hamburg, Ujerumani. Huko nako haikupata raha. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kijerumani waliiangusha, wakisema hawataki kumheshimu mkoloni.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Askari, ambayo iko katika Barabara ya Samora. Ni ya kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita ile. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Lakini chini kuna maandishi, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na cha herufi hizi tunazosoma. Maandishi hayo yanawataja pia wapagazi, wale waliobeba mizigo ya jeshi, wakafa kwa maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Asiyejua kusoma anapopita pale ataona askari tu. Anayejua kusoma, akiinama, ndiye anayewakuta wapagazi.

WENZETU WALISEMAJE?

Tulisoma habari hii pamoja na kikundi kimoja cha wasomaji wenzetu. Mjadala ulikuwa mkali.

Mzee mmoja alisema: "Mwalimu, mimi naona walikosea kufukia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukimficha mtoto habari za babu yake mkorofi, siku moja atazisikia kisimani, tena kwa maneno ya kejeli."

Mama mmoja akamjibu: "Mzee wangu, shikamoo, lakini ngoja. Mimi ningekuwa yule mwanamke ambaye mwanawe alifia ukutani, nipite chini ya lile jiwe kila siku nikienda dukani? Hapana. Liondoke. Wewe useme ni historia, mimi kwangu ni kidonda."

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Marahaba mwanangu. Hilo sikulifikiria. Basi liondoke uwanjani. Lakini lisifukiwe."

Kijana akauliza: "Pesa zile za kubomoa na kufukua si wangefanyia mambo mengine?" Watu wakacheka, lakini swali lake lina haki. Berlin ililipa gharama ya kufukia, ikaja kulipa tena gharama ya kufukua.

Mama yule akamalizia kwa swali ambalo mpaka leo tunalifikiri: "Mbona kila mara wanaoamua ni wakubwa? Waliposimamisha, wakubwa. Walipobomoa, wakubwa. Wenye madirisha wanaulizwa lini?"

SISI TUNAONAJE?

Kwa maoni yetu, uwanja wa mji ni mahali pa heshima. Watu wa mahali hapo wana haki ya kuamua nani apewe heshima hiyo, na wana haki ya kubadili uamuzi. Jiwe si sheria ya milele. Kwa hiyo kuiondoa sanamu si kosa. Makosa yalikuwa mawili: kuamua bila kukaa na wakazi na kuwasikiliza mpaka mwisho, na kufukia kama anayetupa takataka. Kilichofukiwa hakikusahauliwa. Kilingoja tu.

Njia iliyofuatwa Spandau tunaiona bora. Ondoa sanamu juu ya nguzo, iweke chini, na kando yake uandike habari yote: ya madarasa ya kusoma na ya magazeti yaliyofungwa. Halafu mwache msomaji aamue mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kumfundisha mtu mzima kusoma.

Ukikutana na sanamu au mnara wa kumbukumbu, jiulize maneno haya matano:
1. Nani aliisimamisha, na mwaka gani?
2. Nani alilipa gharama?
3. Inamsifu nani?
4. Nani hakutajwa?
5. Watu wa mahali hapo waliulizwa?

MANENO MAPYA

Itale: jiwe gumu sana la kujengea, lenye punje zinazong'aa.
Kufunua sanamu: kuondoa kitambaa siku ya sherehe ili watu waione kwa mara ya kwanza.
Kidikteta: kwa namna ya mtu au kikundi kinachotawala bila kupingwa.
Ngome: jengo lenye kuta nene la kujikinga na adui.
Wapagazi: watu wanaobeba mizigo ya wengine safarini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini baadhi ya wakazi wa Berlin walipinga kubomolewa kwa sanamu?
2. Mzee alibadili maoni yake baada ya kumsikiliza mama. Alikubali nini, na alikataa nini?
3. Kama jiwe moja la sanamu lina uzito wa tani mbili, ni sawa na magunia mangapi ya kilo 100?
4. Je, katika wilaya yenu kuna mnara, jiwe la msingi au jina la barabara la kumkumbuka mtu? Nendeni mkasome maandishi yake. Andikeni yanayosemwa. Kisha waulizeni wazee yasiyosemwa, nayo myaandike.

Zoezi la nne ndilo kubwa kuliko yote. Msilifanye kwa haraka. Wazee hawatakuwapo siku zote, na mambo wanayoyajua hayajachongwa kwenye jiwe lolote. Kalamu sasa mnayo.